Damu Haisomwi kwa Jicho: Stori ya Njiwa wa Mbio

Nilikuwa na miaka 13 nilipotoa njiwa wangu bora kabisa, na juu yake nikaongeza pesa.

Mtaani kwetu Eastlands, karibu kila ploti ilikuwa na banda la njiwa juu ya paa. Mbao za maboksi, wavu wa kuku, na kufuli kubwa kuliko la mlango wa nyumba. Mimi nilikuwa na njiwa wanne. Mmoja alikuwa jike mweupe mwenye madoa ya kijivu, kama sufuria iliyosuguliwa na steel wool miaka kumi, kwa hivyo tukamwita Sufuria. Macho yake yalikuwa meusi tii. Hakuna aliyewahi kumsifu.

Siku moja akaja mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto, mtu wa njiwa tangu zamani, amebeba dume ndani ya kikapu. Akamtoa, akamshika miguu katikati ya vidole viwili, akaelekeza uso wake kwa jua.

"Kijana, angalia hili jicho. Unaona huo moto? Baba yake alikuwa wa mbio, babu yake wa mbio. Huyo wako ana jicho la supu."

"Lakini mzee, wangu hurudi kila siku."

"Kurudi ni bahati. Jicho ni damu."

Nikampa Sufuria na shilingi 300 juu. Wiki ya tatu nikamfungulia yule dume wa moto. Akazunguka ploti mara mbili, akaelekea ng'ambo ya mto, na huo ukawa mwisho wetu. Jioni ya siku iliyofuata nikapanda juu nikampata Sufuria amekaa kwenye ukingo wa banda, anangoja nifungue.

Miaka mingi nimekuwa nikisimulia hii kama stori ya kutapeliwa. Juzi nikaifikiria tena nikagundua kitu. Wale njiwa wawili walifanya jambo moja. Kila mmoja alirudi alikolelewa. Jicho la moto lilijua njia, na jicho la supu pia lilijua njia. Mimi na mzee ndio tulikuwa tunasoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Nikaanza kusoma historia ya njiwa wa mbio, na manze, nikapata kwamba watu wazima wenye pesa na digrii wamekuwa wakifanya kosa letu kwa miaka 200. Na halikuishia kwa njiwa.

Njiwa wa mbio ni chotara

Njiwa wote wa kufugwa, kuanzia wale wenye mkia kama feni hadi wale wanaokula makombo pale katikati ya jiji, wametokana na njiwa mmoja wa porini anayeishi kwenye majabali na miamba ya bahari huko Ulaya, Asia na Afrika ya Kaskazini. Ni wa bluu-kijivu, ana mistari miwili myeusi kwenye bawa. Watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka, na kwa muda mrefu walijua kwamba ukimpeleka mbali atarudi na ujumbe.

Lakini njiwa wa mbio tunayemjua leo alitengenezwa Ubelgiji katika karne ya 19. Mwaka 1818 kulifanyika mbio za zaidi ya maili 100. Mwaka 1820 wakashindanisha njiwa kutoka Paris hadi Liège. Mwaka 1823 wakawaachilia London wakarudi Ubelgiji, wakivuka bahari. Wafugaji wa Liège na Antwerp walikuwa wanachanganya aina tofauti bila aibu. Huyu ana mbawa ndefu, yule ana mwili mgumu, mwingine haogopi mvua, basi wanawaoza. Kwa hivyo ukisikia mtu anajisifu ana njiwa wa mbio wa "damu safi", jua huyo ndege babu zake ni mchanganyiko mtupu. Mchanganyiko ndio ulimpa nguvu.

Kwa wale hawajawahi kuona mbio zenyewe, hivi ndivyo zinavyoenda. Njiwa wanawekwa kwenye vikapu, wanabebwa kwa lori kilomita 100, 500, wakati mwingine zaidi ya 1,000, kama zile za kutoka Barcelona hadi Ubelgiji. Wanaachiliwa pamoja. Kila mmoja anarudi kwa banda lake, na kwa sababu mabanda hayako mahali pamoja, umbali wa kila njiwa unagawanywa kwa muda wake ili kupata kasi. Zamani, kabla ya saa maalum za njiwa, mtoto mwenye mbio alikuwa anatimua na ndege aliyefika hadi kwa klabu ili aandikishwe. Yaani njiwa anaweza kushinda halafu binadamu ampotezee dakika kwa barabara.

Sasa angalia shida ya mfugaji. Ana makinda 40. Hawezi kulisha wote mwaka mzima. Lazima ajue nani abaki na nani aende supu, na anataka kujua leo, kabla hajapoteza miaka miwili akiwafunza. Hapo ndipo biashara ya kusoma alama ilipoanzia.

Rangi, jicho na jike aliyekuwa dume

Walianza na rangi. Wengine walisema mwekundu hawezi safari ndefu, wengine mweupe ni wa harusi na kanisa. Rangi ni rahisi kuona na ni kweli inarithiwa. Kwa njiwa kuna rangi tatu za msingi, nyekundu ya majivu, bluu na kahawia, na jeni yake iko kwenye kromosomu inayoamua pia kama ndege ni dume au jike. Dume ana mbili za aina hiyo, jike ana moja tu. Ndiyo maana katika ndoa fulani mfugaji anaweza kujua kinda ni jike au dume kwa rangi peke yake. Hiyo ni elimu safi kabisa. Kosa ni kuruka kutoka hapo hadi kwa kasi.

Vita vikaja vikaharibu hiyo nadharia. Uingereza ilitumia njiwa wengi katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1943 ikaanzishwa Dickin Medal, nishani ya wanyama waliofanya ushujaa vitani. Njiwa 32 waliipata. Katika watatu wa kwanza kabisa kulikuwa na jike mweupe, White Vision, aliyeleta habari za ndege ya jeshi iliyoanguka baharini upande wa Scotland wakati hali ya hewa ilikuwa mbaya hivi kwamba kuwatafuta wanajeshi hao kwa ndege nyingine kulishindikana. Mwenzake Winkie alitoka kwenye ndege ya vita iliyoanguka baharini Februari 1942, akaruka zaidi ya kilomita 150 akiwa amelowa mafuta, na wanajeshi wakaokolewa. Bahari haikuwauliza rangi.

Halafu kuna Cher Ami. Oktoba 1918, katika Vita vya Kwanza, kikosi cha Wamarekani kilizingirwa msituni Ufaransa, na baadaye mizinga ya watu wao wenyewe ikaanza kuwapiga kwa makosa. Cher Ami akaruka na barua. Alifika akiwa na risasi kifuani na mguu mmoja umening'inia. Akakaushwa, akawekwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, ambapo yuko mpaka leo. Rekodi za jeshi na za makumbusho hazikukubaliana kama ni dume au jike, na kwa miaka 100 watu wakabishana. Mwaka 2021 kipimo cha DNA kikasema ni dume. Fikiria hapo. Ndege maarufu kuliko wote duniani, yuko ndani ya kioo, kila mtu anamwangalia, na watu hawakuweza kukubaliana hata kama ni mvulana ama msichana. Halafu msee anakuambia ameangalia jicho la njiwa wako sekunde tano akaona ubingwa.

Na tukifika kwa jicho, hapo ndipo imani iko kubwa. Kuna wafugaji wanaotembea na kioo cha kukuza kama fundi wa saa. Wanachunguza duara jembamba linalozunguka mboni, upana wake, rangi yake, vimistari vilivyoko. Wameandika vitabu, wamechora michoro, wamepanga njiwa katika madaraja. Huyu wa kuzaa, huyu wa mbio, huyu bure.

Rangi ya jicho inarithiwa, hilo halina ubishi. Kuna jicho la machungwa, kuna jicho jeupe kama lulu, kuna jicho jeusi kama la Sufuria. Mwaka 2021 wanasayansi waliipata jeni inayofanya jicho liwe la lulu. Ikivunjika, ile rangi ya manjano haitengenezwi. Ni hivyo tu. Kurudi nyumbani ni kazi nyingine kabisa. Njiwa anatumia jua, anatumia nguvu za sumaku ya dunia, anatumia harufu, na karibu na kwao anafuata alama anazozijua, hata barabara kuu. Hakuna sehemu moja ya mwili unayoweza kuishika kwa mkono ukasema, hapa ndipo njia imehifadhiwa.

Basi kwa nini imani ya jicho haifi? Kwa sababu tunaangalia macho ya walioshinda. Ukichukua mabingwa 50 ukawachunguza vya kutosha, lazima utapata kitu wanachofanana. Lakini umewahi kuangalia macho ya wale waliopotea? Huwezi. Walipotea. Pengine walikuwa na duara lile lile, moto ule ule, na sasa wako kwa mti fulani wamekufa ama wamejiunga na njiwa wa stendi ya matatu. Ushahidi wa upande wa pili haurudi nyumbani.

Mwili unasema habari ya leo

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi usimwangalie njiwa. Mwangalie sana, ila ujue swali unalomuuliza. Mwili wa njiwa hauwezi kukuambia atakuwa nani mwaka ujao, lakini utakuambia vizuri sana anavyoendelea leo. Na hapa wale wazee wa Ubelgiji, na wazee wa mtaani pia, wana elimu ambayo hata mimi naiheshimu.

Anza na kinyesi asubuhi kabla hujafagia. Cha njiwa mzima ni kidonge kigumu kidogo chenye kofia nyeupe, na mara nyingi kando yake utaona vinyoya laini. Cha majimaji ya kijani ni simu ya dharura. Halafu ile nyama nyeupe juu ya mdomo, karibu na pua. Kwa njiwa mzima aliyekomaa inakuwa nyeupe kama chokaa. Ikigeuka kijivu na chafu, kuna kitu kwenye pumzi. Fungua mdomo uangalie koo. Linatakiwa kuwa la waridi na safi. Ukiona vitu vya manjano kama jibini, huo ni ugonjwa wa vijidudu vya koo, na makinda hufa nao haraka sana.

Jicho nalo, ndiyo, liangalie. Linatakiwa kuwa kavu pembeni, linang'aa, limejaa. Jicho moja likitoa machozi na lingine zima, tenga huyo ndege. Shingo ikianza kujipinda na anadonoa mahindi akikosa, hiyo huwa ni virusi, na kuna chanjo ambayo wafugaji wa Ulaya walianza kuitegemea sana baada ya ugonjwa huo kuenea kwao miaka ya 1980.

Mshike mkononi. Njiwa aliye fiti ni mwepesi kuliko macho yako yalivyotarajia, kama amejaa hewa. Mfupa wa kidari umenyooka, na nyama ya pande zote mbili imejaa lakini si ngumu. Mkono wako ukibaki na unga mweupe, shukuru, huo ni unga wa manyoya mazima na ndio humkinga na mvua. Kisha nyoosha bawa. Yale manyoya marefu kumi ya nje yanabadilishwa moja baada ya lingine kila mwaka. Ukiona mstari mwembamba umekata unyoya, kama mtu amepiga rula, hiyo ni siku ambayo ndege alikuwa mgonjwa au amelala njaa wakati unyoya unakua. Njiwa hawezi kukudanganya kuhusu hilo. Mstari unakaa hapo mpaka unyoya uanguke.

Unaona tofauti? Alama hizi zote zinasema juu ya chakula, maji, hewa, usafi na dawa. Yaani zinasema juu ya mfugaji. Yule mzee wa ng'ambo ya mto alipomwona Sufuria akamwona hafai, alama nyingine alizoziona zilikuwa makosa yangu mimi, mtoto wa miaka 13 niliyekuwa nampa mabaki ya mchele. Yeye akaziita damu.

Kuna mahali ambapo alama ya kurithi na afya vinakutana kweli, na ni haki niseme. Kuna njiwa wanaozaliwa bila ile mistari miwili ya bawa, bawa tupu. Wafugaji wa zamani walishasema kwamba hao huwa na shida ya kuona, na watu wakadhani ni hadithi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipata kwamba bawa tupu linatokana na hitilafu kwenye jeni ambayo kwa binadamu, ikiharibika, huleta upofu wa kurithi. Kwa hivyo wazee hawakuwa wajinga. Walichoona walikiona vizuri. Lakini angalia ilichukua nini kukithibitisha. Mtu alilazimika kufuata jeni yenyewe hatua kwa hatua. Hakuelekeza uso wa njiwa kwa jua.

Kutoka banda la njiwa hadi Nairobi

Kosa hili lingebaki kwa njiwa, mimi ningekuwa nacheka tu. Halikubaki.

Mwaka 1855 Charles Darwin alianza kufuga njiwa nyumbani kwake Uingereza. Akajiunga na klabu mbili za njiwa London, akakaa na wafugaji, akawasikiza. Aliwaozesha njiwa weupe wa mkia wa feni na njiwa weusi wa aina nyingine, akachanganya watoto wao, na mjukuu mmoja akatoka wa bluu, mistari miwili myeusi kwenye bawa, kama yule wa majabali. Damu ya zamani ilikuwa imejificha vizazi vyote hivyo bila kuonekana nje. Kitabu chake cha 1859 juu ya chanzo cha spishi kinaanza na wanyama wa kufugwa, na njiwa wamepewa nafasi kubwa. Mhariri mmoja aliyesoma mswada alishauri Darwin aandike kuhusu njiwa peke yake kwa sababu kila mtu anapenda njiwa. Huyo msee angekuwa leo angekuwa meneja wa watu wa maudhui.

Funzo la Darwin lilikuwa wazi. Huwezi kusoma kilichoko ndani kwa kuangalia nje. Lakini binamu yake, Francis Galton, akachukua nusu ya stori. Mwaka 1869 aliandika kwamba kama unaweza kupata mbwa na farasi wenye mbio kwa kuchagua wazazi, basi unaweza kupata binadamu wenye vipaji vivyo hivyo. Mwaka 1883 akalipa hilo wazo jina, yujeniki. Watu "bora" wazae sana, watu "dhaifu" wapunguzwe. Nani bora? Yule aliyefanana na wenye kuhukumu.

Wazo hilo lilipanda meli likafika hapa kwetu. Mwaka 1933, Nairobi, walowezi na madaktari wa kikoloni walianzisha chama cha kuchunguza "uboreshaji wa jamii za watu". Kiongozi wao, daktari H. L. Gordon, alikuwa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Walipima vichwa vya Waafrika. Mwenzao F. W. Vint alipima uzito wa bongo za Waafrika waliokufa na kuzichunguza kwa darubini. Kisha wakatangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ni mdogo na umepungukiwa, kwa hivyo kumsomesha sana ni kupoteza pesa. Waliomba fedha London wafanye utafiti mkubwa zaidi, hawakupewa, na chama kikafifia kabla ya muongo huo kuisha.

Soma hiyo tena ukifikiria banda la njiwa. Walichukua watu waliokula vibaya, walioishi na magonjwa, wengi wao wakifanya kazi ya jasho kwa mshahara mdogo kwenye nchi iliyochukuliwa kutoka kwao. Wakapima mwili, na mwili ukasema habari za siku zile. Wao wakaziita damu. Ni kosa la yule mzee wangu, ila wao hawakuwa wanaamua nani aende supu. Walikuwa wanaamua nani apate shule. Babu na nyanya za wengine wetu walikuwa watoto mwaka huo.

Na hapa historia inacheka kidogo. Ule utafiti wa Utah wa 2018 ulipata kitu kingine. Njiwa wengi wa kufugwa, wakiwemo wengi wa mbio, wana madoa ya mraba kwenye bawa badala ya mistari miwili. Watafiti walipofuata jeni ya madoa hayo, haikutoka kwa njiwa wa majabali. Ilitoka kwa njiwa madoa wa Afrika, ambaye alichanganyika na njiwa wa kufugwa karne kadhaa zilizopita. Unamjua huyo ndege. Ni yule mwenye wekundu kuzunguka macho na vidoa vyeupe kwenye mabawa ya rangi ya udongo, anayelia juu ya majengo hapa Nairobi asubuhi ukijaribu kulala. Kwa hivyo wakati watu wanapima vichwa Mathari kuthibitisha kwamba Ulaya ni Ulaya na Afrika ni Afrika, mabingwa wa mabanda ya Ulaya walikuwa wamevaa Afrika mgongoni, na hakuna aliyejua.

Bei ya damu

Novemba 2020, jike wa Kibelgiji wa miaka miwili, New Kim, aliuzwa kwa mnada kwa euro milioni 1.6. Mwaka uliotangulia dume Armando alikuwa ameuzwa kwa zaidi ya euro milioni 1.25. Wote walinunuliwa na Wachina, na hawakununuliwa ili washindane. Walinunuliwa wazae.

Je, huo ni ujinga? Si ujinga wote. Damu ipo. Mbio za miaka 200 zisingeleta njiwa anayeruka kilomita 1,000 kama uwezo haurithiwi kabisa. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na hawakukosea. Lakini hawakusema mtoto wa bingwa ni bingwa. Galton huyo huyo, mwaka 1886, alipima urefu wa wazazi na watoto wao akapata kwamba watoto wa wazazi warefu sana huwa wafupi kidogo kuliko wazazi wao. Kwa wastani wanarudi kuelekea katikati. Hesabu yake mwenyewe ilikuwa inamwambia apunguze maringo.

Wafugaji wazuri wanalijua hili bila hesabu. Wanazalisha makinda kutoka kwa wazazi waliothibitishwa, wanawavisha pete yenye namba mguuni wakiwa na takriban wiki moja, wanawalisha vizuri, wanawatunza wawe na afya, halafu wanawapeleka barabarani. Wanasema hakimu wa kweli ni kikapu. Hata leo ambapo maabara zinauza vipimo vya jeni za njiwa, bado kikapu ndicho kinachomaliza ubishi.

Sufuria alizaa makinda wawili mwaka ule. Mama mmoja, baba mmoja, yai la leo na yai la kesho kutwa, wote wakilishwa maziwa yale yale ya koo ambayo kwa njiwa hata baba hutoa. Mmoja alikuwa na macho ya machungwa mazuri sana, mwingine macho meusi kama mamake. Ningependa kukuambia yule wa macho meusi ndiye aliyekuwa bingwa, stori ingekaa vizuri. Hapana. Yule wa machungwa alirudi kila mara. Wa macho meusi alipotea siku ya kwanza niliyowapeleka mbali. Na kama ingekuwa kinyume, bado isingethibitisha chochote kuhusu macho.

Sisi vijana wa hii town tunashikwa miguu tukaelekezwa kwa jua kila siku. Unaenda kutafuta kazi, mtu anasikia jina lako la mwisho, anauliza unatoka mtaa gani, anaangalia meno, viatu, lafudhi, na kwa sekunde tano ameshajua wewe ni wa mbio au wa supu. Pengine kweli ameona kitu. Ameona ulivyokula, ulivyolala, maji ya kwenu yalivyokuwa. Hiyo ni habari ya leo, na mara nyingi si wewe uliyeiandika. Na sisi pia tunafanyiana hivyo, tusijidanganye. Mimi nilimtoa Sufuria na 300 juu.

Kwa hivyo ukiwa na njiwa, msafishie banda, mpe maji safi, angalia koo lake na kinyesi chake. Kisha mpeleke mbali kidogo, umfungulie kikapu, urudi nyumbani umngoje.